Namna ya Kuisoma Hotuba Inayoahidi Haki za Binadamu, Kitenzi kwa Kitenzi

Kiongozi anaposimama jukwaani na kutamka kwamba anaheshimu haki za binadamu, msikilizaji wa Kiswahili anayo faida ambayo mara nyingi haitumii. Kitenzi chetu hubeba ndani yake mtendaji, wakati, tendo na mtendewa, kiasi kwamba neno moja kama tutawalipa linakwisha kumtaja mlipaji na mlipwaji kabla mzungumzaji hajavuta pumzi. Neno hilohilo likigeuzwa kidogo likawa watalipwa, fedha bado zimeahidiwa, lakini mwenye kuzitoa hayumo tena katika sentensi.

Jambo hili nililijua kwa kosa langu mwenyewe. Nilihudhuria mkutano wa hadhara uliohusu fidia ya ardhi, nikaandika katika daftari kwamba mgeni rasmi amesema "tutawalipa", na siku iliyofuata nikawasomea hivyo watu ambao hawakuweza kufika. Mzee mmoja akaniuliza ni nani hasa atakayelipa, wilaya au mwekezaji. Nilirudi kwenye kinasa sauti nikasikiliza mara tatu: mgeni rasmi alisema "watalipwa". Mkono wangu ndio uliompa ahadi ambayo kinywa chake hakikuitoa, na watu wenye mashamba yao walikuwa wamekwisha kuipokea.

Hatua zinazofuata ndizo ninazozitumia tangu siku hiyo. Zinaweza kuwafaa waandishi wa habari, wasaidizi wa kisheria, walimu wa uraia na mwananchi yeyote anayetaka kujua ni kiasi gani cha hotuba kinaweza kudaiwa baadaye.

Hatua ya kwanza: pata maneno yenyewe, katika lugha yaliyotamkwa

Usianze na kichwa cha habari wala na muhtasari uliosambazwa kwenye makundi ya simu, kwa sababu mwenye kufupisha hotuba karibu kila mara hurudisha mtendaji mahali alipokuwa ameondolewa, kama nilivyofanya mimi. Tafuta rekodi, au maandishi kamili. Kwa hotuba za bungeni Tanzania kuna Taarifa Rasmi ya majadiliano, ambayo hunakili maneno ya wabunge na mawaziri na hata kuweka alama ya (Makofi) pale ukumbi uliposhangilia. Alama hiyo ina manufaa kuliko inavyoonekana: ukiifuatilia utaona ni mara ngapi makofi hupigwa kwenye tamko pana la heshima na utu, na ni mara ngapi ukumbi hukaa kimya kwenye sentensi yenye tarehe au kiasi cha fedha.

Kenya ina ugumu wake. Katika sherehe za kitaifa, rais husoma hotuba rasmi kwa Kiingereza, kisha huweka karatasi chini na kuwageukia wananchi kwa Kiswahili. Sehemu hizo mbili zinaweza kuzungumzia jambo moja kwa uzito tofauti, na mara nyingi ahadi inayopimika imo kwenye karatasi huku joto la moyo likiwa kwenye Kiswahili. Nakili zote mbili, kila moja kwa lugha yake, wala usiichanganye ya kwanza na ya pili kuwa kauli moja.

Hatua ya pili: mtafute mtendaji

Hii ndiyo hatua inayostahili muda mwingi kuliko zote. Chukua kalamu ya risasi, na chini ya kila kitenzi kinachohusu haki andika ni nani anayefanya. Linganisha sentensi hizi tatu: "Tulivunja haki za watu hawa." "Haki za watu hawa zilivunjwa." "Haki za watu hawa zilivunjika." Ya kwanza iko katika kauli ya kutenda na mtendaji amejitaja kwa kiambishi tu-. Ya pili iko katika kauli ya kutendwa, mtendaji yupo, amefichwa tu, na unaweza kumrudisha kwa kuuliza "na nani?" Ya tatu iko katika kauli ya kutendeka, ile tunayoitumia kwa kikombe kilichoteleza mezani: kilivunjika, na hakuna anayelazimika kuulizwa. Haki za mtu hazivunjiki zenyewe kama kikombe, kwa hiyo kila unapokutana na kauli hiyo katika hotuba ya kiongozi, ipigie mstari mara mbili.

Majina nayo yana mchezo huo. Ukiukaji ni jina la kitendo cha mwenye kukiuka. Ukiukwaji limeundwa kutokana na kukiukwa, na kwa hiyo limekwisha kuzaliwa bila mtendaji. Anayesema "kulitokea ukiukwaji wa haki" ameficha mara mbili, kwanza kwa kitenzi cha kutokea, pili kwa jina lenyewe. Na anayesema "kulikuwa na changamoto za haki za binadamu" ameondoa hata kosa, kwa kuwa changamoto ni kitu tunachokabiliana nacho sote, mpigaji na mpigwaji.

Mfano ulio wazi kuliko yote niijuayo ulitokea katika ukanda wetu kwa siku mbili mfululizo. Tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles III wa Uingereza alizungumza katika dhifa ya kitaifa Ikulu ya Nairobi. Alisema kwamba makosa ya zamani ni chanzo cha huzuni kubwa na majuto mazito, kwamba vitendo vya ukatili vya kuchukiza na visivyo na uhalali vilitendwa dhidi ya Wakenya walipokuwa wakipigania uhuru wao, na kwamba kwa hayo hakuna udhuru. Maneno hayo ni mazito, na kauli ya kutokuwapo udhuru ni ya kweli kweli. Hata hivyo, iweke kalamu chini ya kitenzi: vilitendwa. Na nani? Sentensi haikujibu.

Kesho yake, tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alizungumza Songea, penye makumbusho ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Alisema, kwa Kijerumani, kwamba akiwa rais wa Ujerumani anaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu wa wenyeji wake. Pigia mstari: Wajerumani waliwatendea. Mtendaji ametajwa kwa jina la taifa lake, na watendewa wametajwa kwa uhusiano wao na watu waliokuwa wamekaa mbele yake. Anayeomba msamaha naye ametaja cheo anachoombea, hivyo kwamba maneno yake si ya mgeni aliyeguswa tu na habari za kusikitisha.

Simaanishi kwamba kila kauli ya kutendwa ni hila. Mtu akitekwa usiku na mtekaji hajajulikana, kiongozi anayesema "ametekwa" amesema ukweli wake wote, na kumdai ataje jina ambalo uchunguzi haujalifikia ni kumdai uzushi. Hapo swali la haki linahamia kwenye sentensi inayofuata: ni chombo gani kimepewa kazi ya kuchunguza, na kitamjibu nani? Ikiwa jibu ni "vyombo husika", bado hujapata mtendaji.

Hatua ya tatu: pima uzito wa kitenzi cha ahadi

Nimeitunga sentensi ifuatayo mwenyewe, lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa hadhara ataitambua: "Ndugu wananchi, Serikali inatambua umuhimu wa haki za binadamu na itaendelea kuhakikisha kwamba zinalindwa kwa mujibu wa sheria za nchi."

Tuivue nguo moja baada ya nyingine. Inatambua: kutambua ni kazi ya akili, wala hakumfungi mtu kutenda lolote. Umuhimu: kinachotambuliwa ni umuhimu wa haki, wala haki zenyewe hazijaguswa. Itaendelea: hili ndilo neno lenye ujanja mwingi, kwa kuwa linaleta dai la pili bila kulitamka, yaani kwamba Serikali imekuwa ikifanya hivyo siku zote, na msikilizaji anayepiga makofi kwa ajili ya ahadi anakuwa amekubali pia ushahidi wa yaliyopita. Kuhakikisha: ni kusimamia kazi ya mwingine. Zinalindwa: na nani? Maneno ya mwisho tutayafikia katika hatua ya tano. Sentensi nzima ni sahihi kisarufi na ina adabu, lakini mtu akiwekwa mahabusu siku nne bila kufikishwa mahakamani hawezi kuishika popote.

Panga vitenzi kwa uzito unapovisoma. Kuna vya kuona na kuhisi: kutambua, kuthamini, kuguswa, kusikitishwa. Kuna vya nia: kukusudia, kudhamiria, kujipanga. Vizito zaidi ni vile ambavyo kutamkwa kwake ni kitendo tayari: naahidi, naagiza, naomba radhi, nimetia saini, nimetenga. Baina ya makundi hayo kuna tumelipokea, neno tunalolipenda sana, ambalo husikika kama ndiyo ilhali ni kuweka barua mezani tu. Huko Geneva, katika Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, ambako kila nchi mwanachama hupitiwa rekodi yake kwa zamu, tofauti hiyo ina athari rasmi: pendekezo linaweza kuungwa mkono na nchi husika au kubaki "limezingatiwa" tu, na lililozingatiwa tu halikukubaliwa. Waziri akirudi nyumbani na kusema kwamba mapendekezo yote yamepokelewa, muulize ni mangapi yaliyoungwa mkono.

Maneno ya majuto yanahitaji uangalifu wa peke yake, hasa yanapopitia tafsiri. Anayekukanyaga mguu huombwa aseme samahani. Akisema pole na kuendelea na safari, amezungumza kama mpita njia aliyekuona ukikanyagwa na mwingine. Kusikitika kunafaa kwa msiba wowote, hata wa mvua. Kujuta kunamhitaji mtu aliyetenda. Kuomba radhi na kuomba msamaha kunamhitaji aliyetenda pamoja na aliyetendewa, na kunamwachia huyo wa pili uwezo wa kukataa. Tarehe 6 Juni 2013, William Hague, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, aliliambia Bunge la nchi yake kwamba serikali inatambua kuwa Wakenya waliteswa na kutendewa vibaya na utawala wa kikoloni wakati wa vita vya Mau Mau, na kwamba inajutia kwa dhati kutokea kwa maovu hayo. Walalamikaji 5,228 walikubaliwa malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo, na serikali hiyo iligharimia pia mnara wa kumbukumbu uliozinduliwa Nairobi mwaka 2015. Katika taarifa hiyohiyo alisema kwamba serikali inaendelea kukana kuwajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Mwenye kutafsiri neno lake la Kiingereza, regrets, anaweza kuchagua inasikitika au inajutia, na chaguo hilo linabadilisha anachosikia ajuza wa Nyeri aliyepoteza afya yake kambini. Ndiyo maana nasisitiza lugha ya asili iwepo mbele yako.

Hatua ya nne: angalia kama haki imegeuzwa kuwa hisani

Chunguza vitenzi vya kutoa: kupa, kuruhusu, kuachia, kufungulia. "Tumewapa uhuru wa kusema" ni sentensi yenye mtendaji dhahiri na wakati timilifu, na ingefaulu vizuri katika hatua mbili zilizotangulia. Kasoro yake ni kwamba kilichotolewa na mkono mmoja kinaweza kurudishwa na mkono huohuo. Ilinganishe na Ibara ya 12 ya Katiba ya Tanzania ya 1977: "Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa." Kiambishi hu- ni cha mambo ya siku zote, hakina jana wala kesho, na hakuna mtoaji anayetajwa kwa sababu hayupo. Katiba ya Kenya ya 2010 inalisema hilo waziwazi katika Ibara ya 19, kwamba haki na uhuru wa kimsingi ni za kila mtu binafsi na hazitolewi na Dola.

Tanzania tuna historia ndefu ya neno ruksa, hata Rais Ali Hassan Mwinyi akaitwa kwa mapenzi Mzee Rukhsa, na watu waliopitia miaka ya uhaba wa bidhaa kabla yake wana sababu nzuri ya kulikumbuka jina hilo kwa shukrani. Lakini ruksa ni ya mwenye mlango. Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza tarehe 3 Januari 2023 kwamba zuio la mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa, lililodumu tangu 2016, limeondolewa, habari nyingi zilizungumzia kuruhusiwa kwa mikutano. Kukusanyika kumo katika Ibara ya 20 ya Katiba, na mikutano ya vyama imo katika Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992. Kuondoa zuio na kutoa ruhusa si maneno ya uzito mmoja: la kwanza linakiri kwamba kulikuwa na kizuizi mbele ya haki iliyokuwapo, la pili linaanza kuihesabu haki siku ya tangazo. Mwandishi anayeripoti tukio kama hilo achague neno lake akijua hivyo.

Hatua ya tano: soma maneno yanayopunguza

Yapigie duara lakini, ila, isipokuwa, bila kuathiri, kwa mujibu wa sheria, na ule usemi unaopendwa kwamba haki huendana na wajibu. Baadhi ya mipaka ni halali, kwa kuwa hakuna nchi ambamo uhuru wa mmoja unamruhusu kumchafulia mwenzake jina kwa uongo. Kinachotafutwa ni kama mpaka una kipimo. Ibara ya 24 ya Katiba ya Kenya inadai kwamba kikwazo chochote kiwekwe kwa sheria na kiwe cha busara na chenye kuelezeka katika jamii ya kidemokrasia. Hicho ni kipimo ambacho hakimu anaweza kukitumia. "Kwa mujibu wa sheria" pekee hakina kipimo, kwa sababu sheria ya kesho inaweza kuwa yoyote. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania, inayohusu uhuru wa maoni, ilikuwa imetanguliziwa maneno "bila ya kuathiri sheria za nchi" hadi mabadiliko ya mwaka 2005 yalipoyaondoa. Maneno sita tu, na kwa miaka mingi yalifanya uhuru uliotajwa na Katiba uwe mdogo kuliko sheria yoyote ambayo Bunge lingeipitisha. Ibara ya 30 yenye mipaka ya jumla ingalipo, na anayesoma hotuba za Tanzania aisome pamoja na ile ya 18.

Angalia pia mpaka wa wakati. Hati ya haki iliingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, lakini wananchi waliweza kuitumia mahakamani kuanzia Machi 1988 tu, kwa kuwa Serikali ilijipa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake. Aliyehutubia mwaka 1985 kwamba haki zimo katika Katiba alisema kweli, na aliyekamatwa mwaka huo hakuwa na mahali pa kuzidai.

Hatua ya sita: wahesabu waliomo

Kiswahili kinatupa sisi moja tu. Kiambishi tu- hakielezi kama msikilizaji amejumuishwa au ametengwa, na mzungumzaji hodari hupita kutoka "sisi Serikali" hadi "sisi Watanzania" ndani ya aya moja bila kuonyesha mlango. Andika pembeni ni sisi ipi. Fanya vivyo hivyo kwa wananchi, raia, kila mtu na wapenda amani. Haki iliyoahidiwa kwa raia haimfikii mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, na iliyoahidiwa kwa wapenda amani inamwachia mzungumzaji kuamua nani anaipenda.

Hatua ya saba: fungua daftari la madai

Andika tarehe ya hotuba, maneno kamili, mtendaji, kiasi cha fedha kama kipo, na siku utakayorudi kuangalia. Hotuba nzuri kisarufi haiondoi hatua hii. Tarehe 26 Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipolihutubia Bunge la Kenya aliomba radhi kwa maovu ya zamani, kwa niaba yake, ya serikali yake na ya serikali zote zilizotangulia, akatangaza pia mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa ajili ya waathiriwa. Mtendaji alikuwapo, kitenzi kilikuwa kizito, kiasi kilitajwa. Miaka ikapita bila waathiriwa kulipwa kutoka katika mfuko huo, na walioweza kulidai jambo hilo kwa nguvu ni wale waliokuwa na maneno na tarehe mkononi.

Upande wa matendo wa daftari uwe na nafasi pana, kwa kuwa matendo mengine hayaji na hotuba. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake Arusha. Novemba 2019 Tanzania ilijiondoa katika tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kufungua kesi moja kwa moja katika mahakama hiyo. Anayeandika hotuba peke yake angelikosa tukio hilo, ilhali lilipunguza mahali pa kudai kuliko maneno yoyote ya jukwaani.

Kwa mfano wa jinsi ninavyojaza, mstari wangu wa Songea unasomeka hivi: 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, ameomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea mababu, ameahidi kushirikiana kutafuta fuvu la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni katika Vita vya Maji Maji, aliyenyongwa mwaka 1906, akasema kwamba hawezi kuahidi kulipata. Mtendaji: ametajwa. Mpaka: ameutaja mwenyewe. Fuvu: nafasi bado iko wazi, na kila Novemba narudi kuisoma.